Unapenda bunduki na unaishi Handeni au Korogwe? Soma hapa kabla hujagusa gobore la babu

Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wanakipenda lakini wanakiongelea kwa kunong'ona: bunduki.

Nenda kijiwe chochote pale Chanika Handeni, au Manundu Korogwe, hukosi mshkaji wa kukutajia AK-47, M16, AWM, ipi inapiga mbali, ipi inaruka ukifyatua. Kazijulia wapi? Kwenye Free Fire na PUBG, na kaka zake walizijulia kwenye Counter-Strike na mikanda ya Rambo. Sasa mshkaji huyohuyo muulize swali moja tu: ukitaka kumiliki bunduki halali hapa Tanzania, unaanzia wapi? Kimya! Mmoja atakwambia hayo ni mambo ya matajiri na wenye mashamba ya mkonge. Mwingine atakwambia "mbona babu analo gobore chini ya kitanda miaka yote na hakuna anayemsumbua?" Hapo kwa babu ndipo penye noma, na ndiyo sababu nimekaa kuandika haya.

Tukubaliane kwanza: kupenda bunduki si kosa. Kusoma historia yake, kujua inavyofanya kazi, kutamani siku moja kulenga shabaha, hakuna sheria inayokukataza. Kosa linaanzia mkononi.

HUKU KWETU BUNDUKI SI NGENI

Sisi watu wa bonde hili tuna historia ndefu na uwindaji na silaha. Mbega mwenyewe, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi kule Usambara, alikuwa mwindaji aliyetokea Nguu, upande wa Kilindi ya leo (Kilindi ilikuwa ndani ya Handeni mpaka ilipogawanywa mwaka 2002). Simulizi lililoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi linasema aliua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akagawa nyama, na watu wakampenda mpaka wakampa utawala. Alikuwa na mikuki na mbwa, bunduki hana.

Bunduki zikaja karne ya 19 kupitia pwani, Pangani na Saadani. Wazigua walikuwa karibu na pwani, kwa hiyo walizipata mapema kuliko Wakilindi waliokaa mlimani Vugha. Mizani ikageuka. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mwanae Semboja alikuwa Mazinde, hapohapo Korogwe unapopita na basi la Arusha. Alikaa chini tambarare kwa sababu misafara ya biashara ilipita hapo, na misafara ndiyo iliyoleta baruti na bunduki. Akamtoa Shekulwavu pale Vugha, akamweka mwanae. Ufalme ukapasuka, vita juu ya vita.

Na bunduki hizo zililipiwa na nini? Pembe za ndovu, na watu. Ndiyo, watu walikamatwa wakauzwa utumwani ili zinunuliwe bunduki za kukamatia watu wengine. Anayedhani bunduki nyingi mtaani zinaleta heshima asome habari za Usambara ya miaka ile.

KWA NINI LIKABAKI GOBORE

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalisaini Mkataba wa Brussels. Kwa habari ya silaha, mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, lakini zile za zamani za kushindilia baruti kwa mdomoni ziliruhusiwa kwa masharti. Wakati huohuo huku kwetu Wajerumani walikuwa wameshamnyonga Abushiri kule Pangani, Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani alikuwa amepigana nao. Mtawala hakutaka kumwona mwenyeji na bunduki ya maana. Hivyo gobore likawa ndiyo bunduki ya mtu wa kijijini: la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani, la kuwindia, na la kupigia hewani kwenye ngoma.

Tatizo la gobore ni kwamba mengi yametengenezwa kienyeji, bomba lake halikukusudiwa kubeba mlipuko. Siku likichoka linapasuka, na wewe shavu lako liko hapohapo pembeni.

SHERIA INASEMAJE

Sasa tuje kwenye kiini. Wengi tumekariri mambo ya Marekani. Kule marekebisho ya pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanaitaja silaha kama haki ya raia. Hata hivyo hata kule si kila mji unafanana. San Francisco, mji unaojulikana kwa siasa za mlengo wa kushoto, duka lake la mwisho la bunduki, High Bridge Arms, lilifungwa mwaka 2015 baada ya mji kupendekeza masharti makali zaidi, ikiwemo kurekodi video ya kila anayenunua. Mpenda bunduki wa pale anajikuta mtu wa ajabu mbele ya majirani zake.

Tanzania ni tofauti kabisa. Katiba yetu ya 1977 haina ibara inayokupa haki ya kumiliki bunduki. Kinyume chake, ibara ya 147 inapiga marufuku mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Kwetu bunduki ni dhamana. Unakabidhiwa kwa leseni na unaweza kunyang'anywa.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kwa ufupi mwendo wake uko hivi:

1. Unaanzia kwenu. Serikali ya kijiji au mtaa, halafu kata. Wanaulizwa: huyu tunamjua? Ana ugomvi na watu? Mlevi? Anaitakia nini?

2. Maombi yanakwenda polisi wilayani na kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, halafu ngazi ya mkoa, kwetu sisi ni Tanga, mpaka kwa msajili wa silaha makao makuu ya polisi. Alama za vidole zinachukuliwa, rekodi yako ya makosa inaangaliwa.

3. Unatakiwa kuonyesha kwamba unajua kuitumia kwa usalama na una mahali pa kuifungia. Chini ya godoro si mahali.

4. Ukipewa, leseni ni ya jina lako na ya silaha ile ile, yenye namba ile ile, na unailipia kila mwaka. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mwenye nayo akatakiwa kuipeleka ikaguliwe.

Umeona kitu hapo? Hatua ya kwanza si pesa wala duka. Ni jirani zako. Kijana anayetukana wazee kijijini na kuanzisha fujo kila Krismasi asishangae ombi lake likifia kwenye kikao cha kwanza. Mimi hii naiona ni busara, ingawa najua wapo watakaosema inafungua mlango wa chuki na "kitu kidogo". Hoja hiyo nayo ina uzito, tusiifumbie macho.

Na jambo lingine: leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Uwindaji una kibali chake chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Nguruwe wakivamia shamba lako Mkata, wa kumwona ni afisa wanyamapori wa wilaya. Na ndugu zangu wa Korogwe mnaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kuingia mle na gobore ni kujitafutia kesi juu ya kesi.

BABU KAFA, KAACHA GOBORE

Tuseme babu yako wa Sindeni amefariki. Kwenye kugawana vitu, shamba kachukua baba mdogo, baiskeli kapewa binamu, wewe kwa vile ulikuwa unamsindikiza shambani ukaambiwa "chukua hili gobore la babu yako, likukumbushe". Unafurahi kinoma. Unaliweka ndani.

Kuanzia siku hiyo wewe ni mtu mwenye silaha bila leseni! Hata kama babu alikuwa na leseni safi, leseni hairithiwi kama mbuzi. Silaha inapelekwa polisi, na anayeitaka katika warithi anaomba upya kwa jina lake.

Adhabu yake si mchezo. Kumiliki silaha bila leseni kunahesabiwa uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungo cha makosa hayo ni kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Gobore nalo ni silaha. Wapo watu mahakamani nchi hii waliokula miaka 20 kwa gobore. Piga hesabu: una miaka 22, ukihukumiwa kile kiwango cha chini, karatasi inasomeka utatoka una 42. Kwa kitu ambacho hata hukukinunua.

Kwa hiyo fanya hivi. Usilibebe mwenyewe barabarani kulipeleka, ukikutwa njiani utaeleza nini? Mwache pale lilipo, mwende wawili watatu wa ukoo kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, mweleze, na yeye awaunganishe na polisi. Mkiwa na leseni ya marehemu muishike. Kuna vipindi pia vya msamaha: Umoja wa Afrika uliuweka Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na polisi wetu wameshatangaza vipindi hivyo, kwa mfano mwaka 2022 na 2023, ambapo anayesalimisha kwa hiari hashtakiwi. Tega sikio redioni. Ila msiliache miezi kibao mkisubiri tangazo huku liko ndani.

NA KAMA WEWE UNAPENDA TU

Sasa yule ambaye hana babu wala gobore, anapenda tu, afanyeje? Njia zipo, na nyingine ziko mlangoni kwenu. Jeshi la Kujenga Taifa lina kambi ya Mgambo hukohuko Handeni, ile iliyotoa timu ya Mgambo Shooting iliyokuwa ikicheza ligi kuu pale Mkwakwani. Kuna mafunzo ya mgambo wilayani. Kuna chuo cha Pasiansi Mwanza kwa wanaotaka kuwa askari wa wanyamapori, na kituo cha Likuyu Sekamaganga huko Namtumbo kinachofundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Huko utashika bunduki ya kweli, utafundishwa kuifungua, kuisafisha na kulenga. Somo la kwanza utakaloambiwa ni hili: mdomo wa bunduki usielekee kwa mtu, hata kama unaamini haina kitu.

Hapo ndipo wengi wanagundua kwamba kumbe walichokuwa wanakipenda kwenye gemu ni kelele. Wachache wanagundua wanapenda utulivu, pumzi, jicho na kidole kufanya kazi pamoja. Hao ndio nadhani wanafaa kukabidhiwa dhamana hii.

Haya wadau, nimemaliza. Kama mmeshapitia njia ya leseni, au familia yenu ilishasalimisha la babu, tuambieni ilikuwaje. Ila tafadhali msitaje majina ya watu wala vijiji vyenye magobore, wengine wanasoma hapa kwa kazi maalumu...