Sura ya Tano: Pa Kulala Kwanza

Safari nyingi za kuhiji kwa miguu huharibikia mezani, wiki kadhaa kabla mtu hajavaa viatu. Mpangaji huchukua jumla ya kilomita, akaigawa kwa siku alizo nazo, kisha akatafuta kwenye ramani kijiji kilicho jirani na kila alama aliyoitia. Hesabu inatoka safi. Lakini hesabu hiyo haijui maji yako wapi, haijui mto unajaa saa ngapi, wala haijui kama katika kijiji kile yupo mtu wa kuwafungulia mlango wasafiri arobaini wenye vumbi hadi magotini. Katika sura hii kazi tunaigeuza. Tunaanza na pa kulala, na kilomita tunaziacha zifuate.

Njia nitakayoitumia kama mfano ni ile ya kutoka Mwera, wilayani Pangani, hadi Bagamoyo. Bagamoyo ni mji ambao Muislamu na Mkristo kila mmoja ana sababu ya kuuendea. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao pale mwaka 1868, na Wakatoliki huenda kuhiji huko hadi leo. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye wengi walimwita Sheikh Ramiya, aliufanya mji huohuo kuwa makao makubwa ya twarika ya Kadiria kabla hajafariki mwaka 1931, na maulidi yake yakavuta watu wa mwambao kutoka mbali. Kwa mwalimu wa kupanga safari, njia hii ina fadhila nyingine: mitihani yote imo humo. Kuna bahari, kuna midomo ya mito, kuna joto la pwani, na kuna simba.

Tuanze na kipimo. Waliosoma fiqhi ya Kishafii madrasani wanakumbuka kwamba msafiri huruhusiwa kupunguza sala anapokwenda mwendo wa marhala mbili, ambao wanazuoni wengi huukadiria kwa kilomita 80 na kitu. Marhala moja basi ni kilomita 40 au zaidi kidogo, mwendo wa siku wa mnyama aliyebeba mzigo. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani nao watatembea kilomita 40 kwa siku. Kijana mmoja peke yake anaweza, siku moja au mbili. Kundi lenye bibi wa miaka 65, mama mwenye shinikizo la damu na mtoto wa kidato cha pili haliwezi, wala lisilazimishwe. Kundi la namna hiyo kwenye mchanga na vumbi la Pangani hwenda kilomita 3 kwa saa ukihesabu na kupumzika. Likiondoka saa kumi na moja alfajiri na kutua kabla ya saa tano, jua lisije likawakuta njiani, limefanya kilomita 18. Hicho ndicho kipimo chetu cha siku, na anayeongoza akipange kwa miguu ya yule wa mwisho.

Kutoka Mwera hadi Bagamoyo, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 100, na njia za miguu hazinyooki. Kwa hiyo safari yetu imeshavuka marhala mbili. Kwa Waislamu kundini hilo lina faida katika mpango wenyewe: adhuhuri na alasiri zinaweza kusaliwa pamoja kituoni, na mapumziko ya mchana yakabaki mazima bila kukatwa.

Siku ya kwanza iwe fupi kupita kiasi. Hili misafara ya zamani ililijua vizuri. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta Livingstone, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka mjini. Haukuwa uvivu. Kambi ya kwanza iliwekwa karibu ili waliochelewa wafike, mizigo iliyofungwa vibaya ifungwe upya, na aliyesahau kitu akakifuate. Kwa wahujaji wa leo sababu ni zilezile, na moja imeongezeka, nayo ni viatu. Lengelenge huanza kujitokeza ndani ya saa mbili za mwanzo. Likionekana jioni ya siku fupi, linafungwa kitambaa na mwenyewe anabadili soksi. Likionekana baada ya kilomita 25, mtu huyo mmempoteza kwa safari nzima.

Kutoka Mwera kwenda kusini, kijiji kinachojipendekeza kwa usiku wa kwanza au wa pili ni Kipumbwi, kwenye mdomo wa mto Msangasi. Na hapo ndipo mpangaji wa mwambao anapolazimika kuweka kando ramani ya nchi kavu na kuuangalia mwezi. Anayefuata ufuo anatembea juu ya njia inayoondolewa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya mwambao wa Tanga hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Siku hizo mchanga wa chini ni mgumu na mpana, mtu anatembea kama yuko barabarani, na midomo ya vijito inavukika kwa urahisi zaidi. Kila siku inayofuata, kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ikifika nusu ya mwezi, yakawa maji mafu, bahari haiondoki mbali tena, na kupwa kwa mchana kunaangukia alasiri, wakati kundi linatakiwa liwe limeshatua.

Sasa angalia jinsi tarehe ya kufika inavyoamua njia ya kutokea. Anayekwenda maulidini tarehe 12 Mfungo Sita anaifuata kalenda ya mwezi, kwa hiyo hali ya maji kwake ni ileile mwaka baada ya mwaka. Akiondoka Mwera tarehe 6 au 7, anaondoka na maji mafu. Ufuo haumfai siku hizo za mwanzo, na ni heri ashike barabara ya juu, kati ya mkonge na minazi. Mkatoliki anayetaka kufika kwa sikukuu yenye tarehe ya kalenda ya kawaida hana uhakika huo. Mwaka huu sikukuu inaangukia bamvua, mwakani maji mafu, na mpango uliofanikiwa mwaka jana unaweza kumkwamisha kabisa. Asinakili karatasi ya zamani. Akae na mvuvi wa Kipumbwi au Ushongo na kalenda mkononi, aulize kila siku ya safari maji yatapwa saa ngapi, aandike. Mazungumzo hayo ya nusu saa ndiyo sehemu ya mpango ninayoithamini kuliko zote.

Kutoka Kipumbwi hadi Mkwaja ni mwendo wa siku moja ya kawaida, na pa kulala ni Mkwaja penyewe. Baada ya hapo mambo yanabadilika. Kusini mwa Mkwaja mtu anaingia eneo la Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambako tembo hushuka hadi pwani na simba na nyati wapo. Kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi bila kibali na askari mwenye silaha hakuruhusiwi. Kutoka Mkwaja hadi kijiji cha Saadani, kwa mstari tu, ni karibu kilomita 30, na baada ya Saadani bado mto Wami unakungoja na mamba na viboko wake. Kiongozi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzunguka kwa bara, kupitia Mkange na Miono, kisha Mandera, ambako misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880, halafu Msata na kushuka Bagamoyo. Njia hiyo ni salama zaidi na ina pa kulala, lakini kutoka Msata peke yake hadi Bagamoyo ni kilomita 64, hivyo safari inaongezeka siku kadhaa. Ya pili ni kupanda gari sehemu ya hifadhi na kushuka upande wa pili.

Nimewasikia watu wema wakisema kwamba hija ya miguu iliyopandwa gari si hija. Siwaungi mkono. Wanaokwenda Namugongo, nchini Uganda, kwa sikukuu ya mashahidi ya Juni 3, kutoka mpaka wa Busia wana kipande kinachofanana na hiki. Kati ya Jinja na Lugazi barabara inakatiza msitu wa Mabira, na mpangaji mwenye busara anaupanga msitu huo uvukwe mchana, kundi likiwa pamoja, usiku wake ukiwa umeshawekewa mahali upande mmoja au mwingine. Hakuna anayepanga kulala katikati kwa sababu tu kilomita 30 zimetimia pale. Saadani ni zaidi ya Mabira. Nadhiri ya kutembea inampasa mtu kujitahidi, haimpasi kumpeleka mtoto wa mwenzake mbele ya nyati.

Kuna siku ambazo maji yako mbali kweli na hakuna kijiji cha katikati. Kwa siku hizo misafara ya bara ilikuwa na mbinu ambayo bado haijapatikana iliyoishinda: kuterekeza. Wapagazi walipumzika kituoni asubuhi, wakapika, wakanywa, wakajaza vibuyu, halafu wakaondoka mchana jua likianza kupungua. Walitembea hadi giza, wakalala porini bila kisima, wakaamka usiku na kufika kwenye maji asubuhi. Hivyo ndivyo walivyovuka Mgunda Mkali, nyika kame ya kati ya Ugogo na Unyamwezi. Ukiichunguza utaona kwamba mwendo mrefu umegawanywa kwa usiku, na saa za jua kali zimebaki nje ya mwendo. Kwenye njia ya bara ya kwenda Mandera wakati wa kiangazi inafaa sana, mradi kila mtu abebe lita 4 zake mwenyewe na gari la huduma lijulikane litasimama wapi. Isitumike mahali penye wanyama.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwenye njia ya kutoka Kufa hadi Makka, ile inayobeba jina la Zubayda mke wa Harun al-Rashid, suala hilohilo lilitatuliwa kwa mawe na chokaa. Vilijengwa vituo vikubwa 27, na kati ya kimoja na kingine kituo kidogo, navyo 27, vyenye mabirika ya kukusanya maji ya mvua. Kituo kidogo kilikuwa cha kupumzikia tu. Nakishauri katika kila mpango: kwa kila pa kulala, weka na pa kutua katikati, penye kivuli na maji, ambapo aliyeshindwa anaweza kubaki na kuchukuliwa. Mara nyingi ni ukumbi wa msikiti wenye kisima, au shule, au kigango.

Sasa mwenyeji. Pa kulala si jengo. Ni mtu aliyekubali. Simu moja kwa mwenyekiti wa kijiji haitoshi, ingawa lazima ipigwe na majina yaandikishwe kwake. Nenda mwenyewe mwezi mmoja kabla. Mazungumzo huanza kwa adabu yake, “Shikamoo, mzee,” “Marahaba, mwanangu, karibu,” na mzee atakwambia maji yapo, kwa sababu kumwambia mgeni kuwa maji hakuna ni aibu. Baada ya hapo omba ruhusa uwaone akina mama wanaoteka. Muulize mmoja: “Bibi, mwezi kama huu kisima hiki kinakuwaje?” Yeye ndiye atakayekwambia kwamba kinageuka chumvi kiangazi, kwamba foleni ya jioni inafika magharibi, kwamba watu arobaini wakiteka pamoja kijiji kitalala bila maji. Jibu lake linaweza kuhamisha kituo chako kilomita 5 mbele, na ulitii. Kama hapafai, pelekeni maji yenu kwa gari au pikipiki, na wageni wasiguse kisima ila kwa kutawadha. Kijiji kilichokaushwa na wahujaji hakitawapokea mwakani, na kitakuwa na haki.

Vyoo viangaliwe kwa jicho hilohilo. Shule ya msingi wakati wa likizo ni afadhali kuliko nyumba kumi za kugawana, kwa kuwa kundi linabaki pamoja na mgonjwa anaonekana mapema. Wanawake wapewe darasa lenye mlango unaofungwa kwa ndani.

Baada ya siku tatu au nne weka siku ya kukaa. Hapa wapangaji wengi hubana, kwa sababu siku hiyo inaonekana tupu kwenye karatasi. Nguo zinafuliwa, miguu inapoa, na zaidi ya yote mnakuwa na siku ya akiba. Mvua ikivimbisha mto, au mtu akipelekwa hospitali, mnaila siku hiyo na tarehe ya kufika haiguswi. Wanaokwenda Namugongo wanaihitaji maradufu. Mwezi Mei mvua bado zipo, na kadiri Juni 3 inavyokaribia ndivyo makundi kutoka Bugiri, Iganga na Jinja yanavyozidi kubanana kwenye parokia zilezile za Lugazi na Mukono. Anayepanga kufika tarehe 2 jioni anapanga kulala nje. Afadhali afike mapema, au aandike barua kwa parokia hizo miezi kadhaa kabla, akitaja idadi ya kweli ya watu wake.

Kwa Bagamoyo, usiku wa mwisho napendekeza uwe Makurunge, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini. Kishawishi cha kuunganisha siku mbili za mwisho ni kikubwa, maana kila mtu anahisi amefika. Kataa. Watakaoingia mjini saa nne usiku wamechoka watatafuta godoro kabla ya kanisa au zawia, na wenyeji waliopika tangu mchana watakuwa wameshalala. Laleni Makurunge, ogeni, vaeni kanzu na vitenge vilivyotunzwa chini ya begi tangu Mwera, muanze kutembea baada ya alfajiri, na mmtume mtu mmoja atangulie kwa pikipiki kuwaambia wenyeji saa ya kuwatazamia.