Kusoma Filamu (2): Mkataba Uliolala Mezani

Juma lililopita tulikuwa na Mwas wa Nairobi Half Life (2012), kijana anayeuza diski za filamu kijijini kwa kuigiza mwenyewe vita vilivyomo ndani yake. Leo tunabaki na wauzaji, ila wa aina nyingine: watu wazima, wamevaa tai, wamechoka, na bidhaa yao ni ardhi. Filamu yenyewe ni Glengarry Glen Ross ya mwaka 1992. Nimeichagua nikiwafikiria hasa wasomaji wa Kisii na Nyamira, kwa sababu huko kipande cha ardhi na ulimi wa muuzaji hupimwa kwa jicho kali.

Naonya mapema. Humu hakuna bunduki wala magari yanayofukuzana. DJ Afro, aliyewazoesha watazamaji wa vibanda vya video kusimuliwa kila ngumi kwa Kiswahili, angekosa kazi, maana wahusika wenyewe hawanyamazi. Wengi huiacha katikati wakisema ni maneno tu. Maneno yapo, tena mengi ni matusi ya nguoni, kwa hiyo usiiwashe watoto wakiwa sebuleni. Lakini hadithi yenyewe imefichwa katika vitu vidogo ambavyo maneno hayo yanavifunika: kikombe cha kahawa, saa ya mkononi, kadi zilizofungwa utepe, simu ya kulipia, karatasi iliyoachwa mezani.

Mwandishi wake, David Mamet, alifanya kazi katika ofisi ya kuuza ardhi mjini Chicago alipokuwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliyoyasikia humo akayageuza tamthilia iliyooneshwa mara ya kwanza London mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikampatia Tuzo ya Pulitzer. Mwongozaji James Foley ndiye aliyeifikisha kwenye skrini, kwa mswada wa Mamet mwenyewe. Kisa ni chepesi kukieleza. Wauzaji wanne, Shelley Levene (Jack Lemmon), Ricky Roma (Al Pacino), Dave Moss (Ed Harris) na George Aaronow (Alan Arkin), wanaishi kwa kamisheni. Usiku mmoja wa mvua inatangazwa kwamba atakayeongoza kwa mauzo atapata gari la Cadillac, wa pili atapewa seti ya visu vya nyama, na wa tatu atafukuzwa kazi. Asubuhi ofisi inakutwa imevunjwa. Nani ameiba?

Ukiitaja filamu hii mbele ya watu wa mauzo, wote watakimbilia hotuba ya Alec Baldwin, bwana mkubwa anayetumwa kutoka makao makuu kuja kuwatisha. Hotuba hiyo huoneshwa hata kwenye mafunzo ya mauzo, kana kwamba Mamet aliiandika ili kuwafundisha vijana kazi. Katika tamthilia haimo kabisa. Iliongezwa kwa ajili ya filamu. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye kelele nyingi na siri chache kuliko zote. Hata hivyo, haikosi vya kuokota. Levene, mzee kuliko wenzake, anataka kujimiminia kahawa. Anaamrishwa aiache, kwa kuwa kahawa ni ya wanaouza. Hapo mwache Baldwin, umtazame Lemmon. Moss anamuuliza mgeni jina lake, anajibiwa kwa tusi, na jina hilo hatulisikii hata mara moja. Kwamba anaitwa Blake tunalisoma tu kwenye orodha ya waigizaji. Kisha mgeni anamwonesha Moss saa yake na kumwambia kwamba bei yake inapita ya gari la Moss. Basi huyo ndiye mwalimu wa mafunzo: jina hana, saa anayo.

Baada ya hotuba, fuata kadi. Kila kadi ina jina na anwani ya mtu aliyewahi kuonesha nia ya kununua ardhi. Kadi walizo nazo akina Levene zimezeeka. Watu wale wale wamepigiwa simu mpaka wamechoka. Kadi mpya zipo, zimefungwa pamoja, zinapitishwa mbele ya macho yao na kufungiwa ndani, kwa sababu hupewa yule tu anayeuza. Na asiye na majina mazuri atauza nini? Mtego wote wa filamu ni huo, na hakuna anayeueleza kwa sentensi moja. Unauelewa kwa kuona macho yakizifuata karatasi. Mkulima wa chai wa Kebirigo au Nyansiongo anaujua upande wa pili wa kadi hiyo. Bonasi ikitoka mwezi wa Oktoba, simu za wauza ploti za Kitengela na Joska huanza kuita. Jina lake limo kwenye orodha ya mtu fulani. (Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamruhusu kukataa kutumiwa hivyo, lakini hilo ni la makala nyingine.)

Levene ndiye moyo wa filamu, na Lemmon alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Venice mwaka 1992 kwa kazi hii. Msikilize akiwa kwenye simu. Anampigia mteja kwa sauti nene ya mkurugenzi mwenye haraka, mara anageuka kumwagiza karani wake, Grace, habari za safari ya ndege. Grace hayupo. Yupo mzee peke yake, nje mvua inanyesha. Kisha anapiga hospitalini kumuulizia binti yake aliyelazwa, na sauti ile nene haipo tena. Binti hatumwoni, ugonjwa wake hatuelezwi. Mwandishi mwingine angetupeleka kitandani kwake atutoe machozi. Mamet anatuachia mabadiliko ya koo la mtu mmoja tu.

Halafu kuna ile sehemu ndani ya gari. Levene anamwomba msimamizi wa ofisi, John Williamson (Kevin Spacey), amuuzie kadi nzuri kwa siri. Wanapatana: sehemu ya kamisheni, pamoja na dola 50 kwa kila jina. Williamson anakubali, lakini pesa anazitaka sasa hivi. Levene hana za kutosha, anaahidi kuzileta kesho. Mtu anayeahidi watu utajiri kila siku, mfukoni hana cha kununulia majina mawili.

Roma ni kinyume chake. Yeye tunamkuta kwenye mkahawa wa Kichina ng’ambo ya barabara, akizungumza na mwanamume mpole aitwaye James Lingk (Jonathan Pryce). Anazungumza maisha, hofu, mambo ambayo watu huyajutia. Dakika zinapita, ardhi haijatajwa. Mpaka atoe karatasi ya mashamba na kuiweka mezani, Lingk amekwisha kuwa rafiki yake. Aliyepanda basi la Kisii kwenda Nairobi anaujua mwendo huu kwa yule muuza dawa anayesimama katikati ya viti: salamu kwanza, dua ya safari, kisa cha jirani aliyeumwa mgongo, na chupa hutoka mwisho kabisa. Hata sokoni Daraja Mbili, muuzaji hodari hakuanzii na bei. Atakusalimu “bwakire”, atakuuliza u wa ukoo gani, na ukimtajia Abagirango, utashangaa kusikia mama yake naye alitoka huko huko. Umekwisha kuwa omogaka wake, yaani mzee wake, na bado hujui anauza nini.

Kesho yake Lingk anakuja ofisini, jasho linamtoka. Mkewe amemtuma afute mkataba. Huyu mke hatumwoni, sauti yake hatuisikii, lakini kwangu hakuna mtu mwenye nguvu kumshinda katika filamu nzima. Roma anamzungusha Lingk kwa hesabu ya siku za kazi, maana sheria ya huko inampa mnunuzi siku tatu za kubadili nia. Lingk hashindani kwa hoja. Kila anapobanwa anarudi kwa mkewe: amesema, amekataza, hana ruhusa ya kujadili. Mtazame Pryce anavyouangalia mlango.

Watu wa Gusii wataitambua hali hiyo upesi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira watu 605,576. Kwenye msongamano huo shamba likiuzwa kimya kimya, nyumba nzima inabaki bila pa kulima. Ndiyo maana uuzaji wa ardhi ya kilimo nchini Kenya lazima upate kibali cha Bodi ya Ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano, la sivyo mauzo ni batili. Na bodi zina desturi ya kumtaka anayeuza aje na mkewe, mara nyingi na watoto waliokomaa pia, waulizwe ana kwa ana. Tofauti ni kwamba kwetu anayelindwa hivyo ni mke wa anayeuza. Mke wa anayenunua hujilinda mwenyewe, kama Bi. Lingk.

Turudi ofisini. Lingk akiwa bado anabanwa, ndipo Levene anaingia na kutuonesha alivyokuwa zamani. Roma anamdokezea kwa maneno machache tu, na papo hapo, bila mazoezi, Levene anakuwa mkubwa wa American Express ambaye Roma lazima ampeleke uwanja wa ndege, basi Lingk asubiri mpaka siku nyingine. Ule uongo wao ni mtamu kuliko ukweli wowote uliosemwa humo. Ungefaulu, lau Williamson asingetoka ofisini mwake na kumtuliza mteja kwa kumwambia asihofu, mkataba ulikwisha kwenda benki. Lingk anakimbia na kamisheni inapotea.

Roma anamporomoshea Williamson matusi, na akiondoka Levene anaipokea zamu kwa furaha. Ana sababu: ametoka kuwauzia wazee wawili, akina Nyborg, ardhi ya dola 82,000, anajiona amezaliwa upya. Anamwambia Williamson kwamba mtu akiamua kutunga uongo, autunge wa kusaidia. Sentensi hiyo inapita haraka, na mtazamaji aliyechoka haioni. Williamson anaiona. Anamuuliza: umejuaje kwamba niliutunga? Kwa kawaida yeye hupeleka mikataba benki. Usiku ule aliuacha mkataba wa Lingk juu ya meza. Aliyejua kwamba ulikuwa mezani ni yule tu aliyeingia ofisini usiku.

Mpaka hapo tulikuwa tunamshuku Aaronow, kwa kuwa tulimwona Moss akimbana mkahawani waibe kadi wakamuuzie mshindani, Jerry Graff. Tulitazama pasipopaswa, na filamu ilitaka tutazame hapo. Levene ameangushwa na kazi yake mwenyewe: jicho la muuzaji, linaloingia chumba cha mtu na kusajili kila kitu kilichomo. Alipaswa kuwa kipofu kwa usiku mmoja, akashindwa.

Na wale Nyborg? Williamson anamaliza kazi: hundi yao ni bure. Wanajulikana, wanapenda tu kutembelewa na wauzaji. Kila soko lina watu wao. Keroka siku ya mnada hukosi mzee anayepapasa kila ng’ombe, anauliza bei ya kila mmoja, anarudi nyumbani jioni na fimbo yake. Kwa wachuuzi ni kichekesho. Kwa Levene ilikuwa ndiyo tiketi ya mwisho.

Kitu cha mwisho sikukiona nilipoitazama mara ya kwanza, nadhani kwa sababu hakipo. Katika filamu nzima ya kuuza ardhi, udongo hauoneshwi. Tunaona mvua, lami, meza, simu, na majina yenye mlio wa Uskoti kama Glengarry Highlands. Waliohamia mashamba ya makazi ya Borabu miaka ya 1960 walikwenda kuishi juu ya ardhi waliyoinunua. Leo ploti hununuliwa kwa picha ya WhatsApp, na Foley alilionesha hilo miaka mingi kabla ya WhatsApp yenyewe kuja.

Ukipata nafasi, itazame mara mbili. Ya pili, zima sauti Lingk anapoingia ofisini, uwafuate watu wote wanne mikono na macho mpaka atoke.

Juma lijalo tutasoma Salesman, filamu ya hali halisi ya mwaka 1969 ya ndugu Albert na David Maysles pamoja na Charlotte Zwerin. Inawafuata wanaume wanne wa Marekani wakiuza Biblia mlango kwa mlango, na wainjilisti wa vitabu wa Kisii na Nyamira watakuwa na mengi ya kuisemea.