Vumbi ya kipwa: dawa ya asili inaweza kufungua pua?

Kipwa kimefika. Kutoka mwezi wa tano mpaka mwezi wa kumi mvua inakuwa haba hapa Lubumbashi, na vumbi nyekundu ya barabara zisizo na lami inaingia kila mahali: mu nguo zilizoanikwa, mu sahani, mu pua. Asubuhi, mutu hata hajanywa chai, amekwisha kupiga chafya mara kumi. Macho yanawasha, kamasi inatoka nyepesi kama maji. Na ku soko muuzaji anainua chupa yake: «Mama, hii vitamini ni ya asili, haina mabaya. Siku tatu tu, alerji imekwisha.»

Mama mumoja wa mtaa wetu alinunua. Mutoto wake wa miaka sita alikuwa akikohoa kila usiku, na kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Alimupa siro ya vitamini C wiki mbili, akaongeza asali. Usiku mumoja mutoto akakosa pumzi. Walimukimbiza ku hospitali, wakamupa hewa na dawa ya kuvuta, akapona. Hakukosa vitamini. Alikuwa na pumu, ile wengi wetu tunaita asima. Ni sababu ya usiku ule njo tunaandika leo.

Alerji ni mwili wenye kukosea adui. Vumbi, unga wa maua, manyoya ya paka, vijidudu vidogo vya mu matela: vitu hivi peke yake si sumu. Lakini mwili wa wengine unaviona kama adui, unamwaga kemikali inayoitwa histamini, na hiyo njo inavimbisha pua na kuwasha macho. Basi swali ni moja: chupa ya soko inaweza kuizuia?

Tuanze na vitamini C. Mwili unaihitaji, hatukatai. Lakini kama dawa ya alerji, ushahidi wake ni muchache. Mutu mukubwa asipitishe miligramu 2000 kwa siku: ikizidi inaleta kuhara, na wengine inawatia mawe mu figo. Tena tuko nayo karibu: mapera yanashinda machungwa mbali sana kwa vitamini hii.

Wengine wanauza kwerisetini. Hiyo iko mu vitunguu na mu matofaa. Mu maabara inatuliza seli zenye kumwaga histamini, lakini kwa watu faida yake haijaonekana wazi. Kula vitunguu vyako, ila usingoje vikufungulie pua.

Na asali? Mwaka 2002, ku Connecticut, Marekani, watafiti waliijaribu kwa watu 36 wenye alerji ya unga wa maua. Wamoja walipewa asali ya nyuki wa kwao, wengine asali iliyopashwa moto, wengine siro ya mahindi yenye ladha ya asali. Asali haikushinda siro. Na mutoto asiyetimiza mwaka mumoja asipewe asali hata kidogo, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulismi, ugonjwa unaolegeza misuli na kukata pumzi.

Kuna mumea mumoja wa Ulaya uliofanya vizuri zaidi: petasiti. Mwaka uleule wa 2002 waliulinganisha na setirizini, kidonge cha famasi, kwa watu 125, na matokeo yakakaribiana. Lakini mumea huo usiposafishwa unabeba sumu yenye kuharibu maini. Fundisho njo hili: kitu chenye nguvu ya kuponya kinaweza pia kuumiza, hata kikitoka mu udongo. Neno «asili» haliko cheti cha usalama.

Tufanye nini basi? Mwaga maji kidogo mbele ya kufagia, na pangusa vitu kwa kitambaa chenye maji. Fua mashuka kwa maji ya moto kila wiki. Toa mbabula inje, moshi unazidisha mateso. Kisha osha pua: chemsha maji nusu litri, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi, acha yapoe, pitisha mu pua asubuhi na mangaribi. Hii ni rahisi, na imejaribiwa: inasaidia kweli.

Isipotosha, uliza ku famasi juu ya setirizini ao loratadini. Klorofeniramini ya zamani inasaidia, lakini inaleta usingizi: wewe mwenye kuendesha taksi ao moto, jihadhari. Mama mwenye mimba, na mutu anayekunywa dawa zingine, amuulize munganga kwanza, hata kwa chupa ya «asili».

Na kifua kikipiga filimbi, mutoto akihema mbiombio, mbavu zikiingia ndani ao midomo ikigeuka rangi, usitafute vitamini. Kimbia ku hospitali, hata usiku.

Yule mama wa mtaa wetu angali ananunua mapera kwa mutoto wake. Anafanya vizuri. Lakini sasa, pembeni ya kitanda, kuko pompi ya asima, na kila mutu wa nyumba anajua kuitumia.