Uvimbe Unaojificha Moyoni

Je, wajua kwamba hata moyo hupata saratani? Wengi husikia habari za saratani ya matiti, ya shingo ya kizazi au ya koo, wakazeeka bila kusikia ya moyo. Si ajabu. Maiti zinapochunguzwa, uvimbe ulioanzia moyoni hupatikana kwa watu wasiozidi 3 katika kila 10,000. Saratani iliyoanzia kwingine, kama mapafuni au kwenye matiti, kisha ikatambaa hadi moyoni, huonekana mara nyingi zaidi, tena kwa mbali.

Saratani hupenda mahali seli zinapojigawa kwa kasi, na misuli ya moyo haina haraka hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walipima, ndani ya seli za moyo, kaboni iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka. Kwa mzee wa miaka 75 ni chini ya nusu ya hapo.

Kati ya uvimbe adimu unaoanzia moyoni, takriban robo tatu si saratani. Unaoongoza kwa watu wazima ni miksoma: donge laini, lenye utelezi, ambalo kwa kawaida huota katika chumba cha juu cha kushoto na kuning'inia kwa kikonyo kama tunda. Moyo unapopiga, donge hucheza, na wakati mwingine huziba njia ya damu.

Mchukue mama wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, anayepanda mlima na kabichi kichwani. Akianza kuhema kuliko kawaida, ataambiwa ni pumu, kifua, au umri umekwenda. Hata daktari akimsikiliza moyo anaweza kusikia mlio unaofanana na wa valvu iliyobanwa na homa ya rumatiki, ugonjwa ambao nchini Tanzania una wagonjwa wengi mno kuliko miksoma. Yapo ya kutilia shaka: pumzi inayokatika akilala upande fulani, kizunguzungu akiinama, au kiharusi kwa mtu ambaye bado kijana, pale kipande cha donge kinapomeguka na kukimbilia ubongoni.

Kinachomaliza ubishi ni eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, isiyo na sindano wala maumivu. Kwangu mimi, kipimo hiki kikiwa mbali na watu wa milima ya Usambara, hilo ni jambo zito kuliko uadimu wa ugonjwa wenyewe.

Maana majibu hutofautiana mno. Anjiosakoma, saratani kali ya mishipa ya damu ambayo hupenda chumba cha juu cha kulia, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshafika mapafuni, na wagonjwa wengi hawamalizi mwaka. Miksoma hutolewa ikaisha. Daktari wa upasuaji Clarence Crafoord aliitoa kwa mafanikio mara ya kwanza huko Stockholm mwaka 1954, mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Leo upasuaji wa kufungua moyo hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Kutoka Lushoto ni kushuka kona za Soni hadi Mombo, kisha safari ya kutwa.

Baada ya upasuaji mgonjwa huendelea kupimwa eko kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kwa wachache, hasa ambao ndugu zao wamewahi kuugua, donge huota tena.