'Farma': Neno fupi linalowafunika mahasimu

MKAZI wa Kinoo anayeumwa na kichwa hasemi anakwenda 'farma'. Husema anakwenda kemisti, yaani duka la dawa lililo karibu naye kabla ya kufika Barabara ya Waiyaki. Lakini akifungua kurasa za biashara gazetini, neno farma humkabili mara kwa mara, na hawezi kulaumiwa akidhani ni famasi iliyokatwa mkia.

Sivyo. Famasi ni duka linalouza dawa. Farma ni ufupisho wa neno la Kiingereza linalohusu utengenezaji wa dawa, na hutumiwa kutaja sekta nzima: watafiti, viwanda na wenye hataza, yaani haki ya kipekee ya kutengeneza dawa fulani. Baadhi ya kampuni hulibeba katika majina yao, kama vile Sun Pharma ya India. Likiongezewa sifa ya ukubwa hugeuka shutuma, na wanaolengwa huwa ni kampuni tajiri za Ulaya na Marekani.

Asili yake ni Kigiriki, ambako neno pharmakon lilimaanisha dawa na pia sumu. Nchini Kenya, asasi inayosimamia dawa ni Bodi ya Dawa na Sumu, iliyotokana na sheria ya mwaka wa 1957. Maneno hayo mawili yangali yamekaa pamoja.

Kasoro ya neno farma ni kwamba linawafunika mahasimu blanketi moja. Mnamo Aprili 2001, kampuni 39 ziliondoa kesi zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu. Miezi miwili tu awali, Cipla ya India ilikuwa imejitolea kuuza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati zile za kampuni zenye hataza zilikuwa zimegharimu zaidi ya dola 10,000. Cipla nayo ni farma. Mwaka huo huo, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyoruhusu dawa nafuu kuingizwa nchini.

Kisha neno jingine likaleta balaa. Sheria ya mwaka wa 2008 dhidi ya bidhaa ghushi ilieleza ughushi kwa mapana kiasi kwamba ingeweza kuzinasa dawa za jenerika, yaani nakala halali zenye viambato vile vile vya kutibu. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikwenda Mahakama Kuu. Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika vilihujumu haki yao ya uhai, heshima na afya, akaitaka serikali iangalie upya maana ya neno 'ghushi' katika sheria hiyo.