Machicha ya bia na maziwa unayokunywa

KILA asubuhi malori na pikapu hutoka katika viwanda vya bia yakiwa yamejaa machicha yanayochuruza maji barabarani. Mengi huishia katika mazizi ya Kiambu na viunga vya Nairobi. Huenda msomaji akauliza daktari wa binadamu ana haja gani na chakula cha ng'ombe. Anayo, kwani alichokula ng'ombe jana huenda kimo katika chai yako leo.

Kule Pwani machicha ni ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Huku bara neno hili limehamia kiwandani. Shayiri huroweshwa ikaota, ikakaushwa kuwa kimea, kisha ikasagwa na kutiwa katika maji moto ili sukari itoke. Yanayobaki ni makapi. Kwa kila lita 100 za bia hubaki takriban kilo 20, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Yakimwagwa mtoni, viini vinavyoyaozesha humaliza oksijeni na samaki hufa. Yakikaushwa, karibu robo yake ni protini. Aliyefikiria kumlisha ng'ombe alifikiri vyema.

Hata katika utabibu, mabaki ya bia yana heshima yake. Hamira iliyokwisha kuchachusha bia ndiyo iliyotumiwa kutengenezea Marmite huko Burton upon Trent, Uingereza, mwaka 1902. Miongo michache baadaye, karibu 1930, Dkt Lucy Wills alikuwa mjini Bombay akichunguza upungufu wa damu miongoni mwa waja wazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aliwapa Marmite, na damu ikarudi. Kilichowaponya kilikuja kujulikana kuwa foleti, ambayo leo mama mjamzito hupewa kliniki kwa umbo la tembe. (Mwenye jongo asiikimbilie Marmite, hamira inaweza kumchochea maumivu ya viungo.)

Taabu huanza machicha yakikawia. Katika joto letu huanza kuharibika baada ya siku mbili tatu. Mfugaji mdogo, akitaka kupunguza gharama ya usafiri, hununua mengi kwa pamoja, akayarundika nje na kuendelea kuyachota hata yakiwa yameota kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Ndiyo iliyokuwa katika mahindi mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki.

Ng'ombe aliyekula sumu hiyo kidogo kidogo huonekana mzima. Ini lake huibadilisha kuwa aina nyingine, M1, ambayo huingia katika maziwa kabla ya siku kuisha. Kuchemsha maziwa hakuiondoi, na wala kuyagandisha kuwa mala hakuimalizi. Hatari yake si ya kuumwa tumbo usiku huo, bali ni ya kudhurika ini polepole na hata kupata saratani, hasa kwa mwenye virusi vya hepatitisi B. Mtoto mdogo, ambaye chakula chake kikubwa ni maziwa, hupata sehemu kubwa zaidi akilinganishwa na uzito wake.

Machicha si mkosaji wa pekee. Pumba za mahindi na mashudu ya pamba yaliyovunda hubeba sumu hiyohiyo, na machicha yaliyotoka kiwandani jana huenda yakawa salama kuliko gunia la pumba lililokaa stoo mwezi mzima. Kwa hivyo sikubaliani na wanaotaka machicha yapigwe marufuku. Yatarudi mtoni.

Mfugaji anunue ya siku mbili tu. Akinunua mengi, ayashindilie katika pipa au shimo lililotandikwa plastiki, ayafunike barabara hewa isiingie, kama afanyavyo sileji. Yaliyoota kuvu yatupwe, wala asipewe kuku. Ng'ombe akiachishwa chakula kibaya, maziwa husafika baada ya siku chache.

Nawe unayenunua maziwa kwa lita, muulize anayekuuzia ng'ombe wake hula nini na hukiweka wapi. Chanjo ya hepatitisi B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwishoni mwa 2001. Kama ulizaliwa kabla ya hapo na hujawahi kuchanjwa, zungumza na daktari wako kuhusu kupimwa na kuchanjwa.