ASKARI WA VITA NA ASKARI WA AKIBA

Watu wengi hudhani kwamba askari akivua nguo za jeshi basi amekwisha kuwa raia kama jirani zake. Sivyo ilivyo kila mara. Kuna aliyeachishwa kabisa, na kuna aliyewekwa katika akiba. Tofauti yao ni kubwa, maana wa kwanza yu huru kwenda atakako, lakini wa pili jina lake lingali katika daftari la jeshi.

Askari wa akiba hukaa kwake, akalima shamba lake au akafanya kazi ya mshahara mjini, lakini akiitwa hana budi kwenda, hata kama mahindi hayajavunwa. Kwa Serikali faida ni dhahiri. Kumlisha na kumvika askari siku zote za amani ni gharama kubwa, na mtu aliyekwisha kufundishwa bunduki hahitaji kuanza upya kama kuruta.

Jambo hili lilionekana Septemba 1939. K.A.R., iliyoundwa mwaka 1902, ilikuwa jeshi dogo, nayo ililazimika kukua upesi. Watu wa akiba waliitwa, na baada yao wakaandikwa vijana wapya kwa maelfu. Walowezi nao walikuwa na Kenya Regiment, iliyoanzishwa 1937. Hao walifanya mazoezi huku wakiendelea na kazi zao, na vita vilipoanza wengi walipelekwa K.A.R. kuwa maofisa na masajini.

Wataliani walipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, mapigano yalifika Moyale. Februari 1941 majeshi yetu yaliingia Kismayu na Mogadishu, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikatwaliwa. Mwaka 1942 ikawa zamu ya Bukini, yaani Madagaska.

Safari ya Ceylon ndiyo iliyoleta msiba mkubwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilipigwa topido na manowari izamayo ya Wajapani. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walikufa, na miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki, ambao hawakupata hata nafasi ya kumwona adui.

Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ilishuka bonde la Kabaw, Burma, katikati ya mvua kubwa. Magari yalikwama matopeni, chakula kikaangushwa na ndege. Desemba walifika Kalewa, na hapo mafundi wa jeshi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la futi 1,154.

Vita vilikwisha 1945, ila kuwarudisha watu makwao kulichukua muda mrefu. Malipo ya kuachishwa yalipimwa kwa cheo na, si haki kulificha, kwa rangi ya mtu: Mzungu wa cheo kile kile alipata zaidi, ingawa matope ya Kabaw yalikuwa mamoja.

Kilichobaki mkononi ni cheti cha kuachishwa. Dereva au fundi wa simu aliweza kumwonyesha tajiri cheti hicho alipotafuta kazi. Wengine walipata. Wengine walirudi shambani na ufundi ambao kijijini kwao haukuwa na gari wala waya wa kuutumia.